Barua ya wazi kwa wenye dhamana ya ulinzi na TEHAMA: ajira ziko kwenye matunzo ya mifumo

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Ulinzi na Jeshi la Kujenga Taifa, Mheshimiwa Waziri mwenye dhamana ya Mawasiliano na Teknolojia ya Habari, Mkuu wa Majeshi ya Ulinzi, na Uongozi wa Tume ya TEHAMA.

Waheshimiwa,

Naandika kwa heshima, nikiwa mtengenezaji wa mifumo ya kompyuta katika kampuni ndogo iliyopo Kijitonyama, Dar es Salaam, na nikiwa mlipakodi ambaye kampuni yake haina zabuni yoyote jeshini wakati huu. Ombi langu ni moja. Kila mnaponunua mfumo wa kompyuta kwa ajili ya jeshi, nunueni pia matunzo yake ya miaka kadhaa kutoka kwa kampuni ya hapa nchini, kwa mkataba unaolipwa kwa wakati na unaopimwa kwa idadi ya watu waliobaki kazini. Naamini kwamba ajira za kampuni zinazohudumia ulinzi kwa programu hukua hapo, na kwamba nguvu kubwa tunayoiweka kwenye siku ya uzinduzi huacha watu wachache sana wenye kazi mwaka unaofuata.

Vijana wa fani yetu wanafuatilia sana habari za kampuni za nje zinazotengeneza programu za ulinzi, na habari hizo huwafikia zikiwa zimekwisha kupambwa. Januari 2025 kampuni ya Anduril ya Marekani, iliyoanzishwa mwaka 2017, ilitangaza kwamba itajenga katika jimbo la Ohio kiwanda kitakachoajiri watu wapatao 4,000, na vijana ninaofanya nao kazi waliisoma habari hiyo kana kwamba watu hao wote wataketi mbele ya kompyuta kuandika programu. Ukiisoma kwa utulivu unakuta kwamba sehemu kubwa ya ajira hizo ni za kiwandani, za kuunda ndege zisizo na rubani na vifaa vinavyofanana nazo, kwamba zimepangwa kufikiwa hatua kwa hatua kwa miaka mingi, na kwamba jimbo liliidhinisha nafuu ya kodi iliyofungamanishwa na ajira zitakazopatikana. Kipengele hicho cha mwisho kinanivutia kuliko idadi yenyewe. Nafuu inatolewa, lakini anayeitoa anahesabu vichwa.

Mfano unaotufaa zaidi uko Denmark, nchi yenye watu takribani milioni 6, ambao hawauzidi kwa mbali mkoa wa Dar es Salaam peke yake, uliohesabiwa kuwa na watu 5,383,728 katika Sensa ya mwaka 2022. Katika mji wa Aarhus, mwaka 1985, Michael Holm alianzisha kampuni iitwayo Systematic, ambayo mfumo wake wa kuongozea vikosi, SitaWare, sasa unatumiwa na majeshi ya nchi nyingi. Kampuni hiyo ina wafanyakazi zaidi ya 1,000, na haiishi kwa jeshi tu, kwani inatengeneza pia mfumo wa hospitali uitwao Columna na mfumo wa maktaba uitwao Cicero. Kwa jinsi ninavyoielewa safari yao, kampuni ya namna hiyo hufika hapo kwa sababu mteja wa kijeshi hukaa na mfumo kwa miaka mingi na hulipia kuuweka hai, hivyo watu waliojifunza kazi kwenye mkataba wa kwanza hawatawanyiki. Wapo, wamekomaa, na hospitali inapokuja na hitaji lake inakuta timu iliyokwisha kuzoea mahali ambapo kosa la kumbukumbu linaweza kuua mtu.

Nyumbani hatuanzii sifuri. Jeshi la Kujenga Taifa lilianzishwa mwaka 1963, Shirika la Mzinga, la kutengeneza risasi, likaanza Morogoro mwaka 1974, SUMA JKT, shirika la uzalishaji mali la JKT, ikaundwa mwaka 1981, na Nyumbu, kituo cha jeshi cha teknolojia ya magari, ikaanza kazi Kibaha katikati ya miaka ya 1980. Jeshi letu, kwa maneno mengine, halijawahi kuona aibu ya kuwa mwajiri wa mafundi. Lori la Nyumbu lilithibitisha kwamba mhandisi wa Kitanzania anaweza kubuni gari na likatembea. Kilichopungua, kwa maoni yangu, ni oda za mfululizo ambazo zingekiwezesha kituo kile kuajiri kizazi cha pili na cha tatu cha mafundi. Kwa upande wa programu, kila anayelipia huduma ya Serikali kwa namba ya malipo anapita kwenye GePG, na kila anayeomba zabuni ya umma leo anaingia NeST, mifumo miwili iliyojengwa na wataalamu wa Kitanzania. Hivyo swali la kama tunaweza kujenga nadhani limeshajibiwa, na sitalirudia.

Nitumie eneo moja nililolifikiria kwa muda mrefu, ambalo halihusu silaha ya kushambulia wala mpango wowote wa vita, nalo ni kumbukumbu za maghala ya risasi na mabomu. Wakazi wa Dar es Salaam hatuhitaji kuelezwa umuhimu wake. Tarehe 29 Aprili 2009 mabomu yalilipuka katika kambi ya jeshi Mbagala, na tarehe 16 Februari 2011 yakalipuka Gongo la Mboto. Kila tukio liliua watu zaidi ya 20, likajeruhi mamia na kubomoa nyumba, na baada ya lile la pili maelfu ya watu walikimbilia Uwanja wa Uhuru kupata hifadhi. Sidai kwamba kompyuta ingeyazuia matukio yale, wala si kazi yangu kueleza chanzo chake. Ninachosema ni kwamba hakuna stoo nyingine katika nchi hii ambayo kumbukumbu zake zina uzito kama huo kwa majirani wanaolala nje ya uzio.

Sababu yake iko kwenye kemia. Baruti inayosukuma risasi na makombora hutengenezwa kwa nitroselulosi, ambayo huoza yenyewe polepole tangu siku inapotoka kiwandani. Watengenezaji huichanganya na kemikali nyingine ya kuituliza, ambayo kazi yake ni kunyonya gesi zinazotokana na uozo huo; kemikali hiyo ikipungua kupita kiasi, joto huanza kujikusanya ndani ya baruti, na shehena inaweza kuwaka bila mtu kuigusa. Joto la ghala huharakisha mwendo huo, na ghala la mabati la Pwani mwezi Februari si mahali pa baridi. Ndiyo maana miongozo ya kimataifa ya Umoja wa Mataifa kuhusu utunzaji wa risasi na mabomu, iliyotolewa kwa mara ya kwanza mwaka 2011, inataka kila fungu lijulikane kwa namba yake, lijulikane lilitengenezwa lini na limekaa wapi, lipimwe kwa vipindi, na liondolewe likishindwa kipimo. Mabomu mawili yanayofanana kwa sura na kwa rangi yanaweza kuwa na umri tofauti kwa miaka 20, na kinachoyatofautisha ni mistari michache iliyoandikwa kwenye kisanduku na kwenye leja.

Sasa mistari hiyo michache ndiyo inayoharibika kirahisi. Katika taasisi moja ya umma, isiyo ya kijeshi, nilikutana na mfumo wa stoo ulionunuliwa nje ambao ulipanga tarehe kwa desturi ya Kimarekani, mwezi ukitangulia siku. Mtunza stoo aliandika 05/09 akimaanisha tarehe 5 Septemba, mfumo ukahifadhi tarehe 9 Mei bila kulalamika. Alipoandika 25/09 mfumo ulikataa kabisa, kwa kuwa hakuna mwezi wa 25, naye akazoea kuingiza tarehe yoyote itakayokubalika ili foleni ya watu mlangoni ipungue. Pembeni ya kibodi alikuwa na leja ya jalada gumu yenye tarehe sahihi, na hiyo ndiyo aliyoiamini. Kompyuta aliijaza kwa ajili ya mkaguzi. Marekebisho yake yangemchukua mtu mwenye msimbo wa programu asubuhi moja. Lakini mtu huyo hakuwepo nchini, aliyeuza mfumo alikuwa ameshalipwa zote, na mkataba haukuwa na sentensi hata moja kuhusu nani atarekebisha nini baada ya makabidhiano. Kwa stoo ya karatasi na wino hiyo ni kero tu. Kwa fungu la baruti, kukosea umri kwa miezi minne mara moja ni jambo dogo, ila mfumo unaokosea tarehe zote kwa kanuni ileile, na watu wanaojua kwamba unakosea, ni jambo ambalo nisingependa liwe jirani yangu.

Asubuhi hiyo moja ya marekebisho ndiyo ajira ninayoizungumzia. Katika fani yetu inakubalika tangu zamani kwamba zaidi ya nusu ya gharama ya mfumo katika maisha yake yote hutumika baada ya mfumo kuanza kazi, na gharama hiyo kwa sehemu kubwa ni mishahara. Kampuni inayotunza mfumo wa maghala katika vikosi vingi inahitaji mtu wa kupokea simu za watunza maghala na kuelewa wanachosema, mtu wa kurekebisha msimbo, mtu wa kujaribu marekebisho kabla hayajapelekwa vikosini, mwangalizi wa kanzidata na nakala zake za akiba, mtaalamu wa usalama wa mtandao, na wakufunzi wa kusafiri, kwa sababu jeshini uhamisho ni jambo la kawaida na kila mtunza ghala mpya anaanza darasa upya. Inahitaji pia mtu wa kuandika mwongozo kwa Kiswahili kinachoeleweka na sajenti aliyechoka, kazi ambayo kampuni nyingi huidharau mpaka zinapoikosa. Hakuna hata mmoja kati ya hao anayeonekana kwenye picha ya kukata utepe.

Vijana wa kuzijaza nafasi hizo wapo. Ndaki ya TEHAMA ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam iko hapahapa Kijitonyama, DIT iko katikati ya jiji, na Chuo Kikuu cha Dodoma kinatoa wahitimu wa fani hizi kila mwaka. Wanakuja kwetu kwa mafunzo ya vitendo, wanafanya kazi nzuri, na wanapohitimu tunawaambia waje wajitolee kwanza, neno ambalo maana yake halisi ni kufanya kazi bila mshahara huku ukilipa nauli. Tunafanya hivyo kwa sababu mapato yetu huja kwa mafungu: mradi ukiingia tunahitaji watu wanane, mradi ukikabidhiwa tunabaki watatu. Wengine wanaajiriwa na kampuni za nje wakiwa nyumbani kwao Tabata au Kigamboni, jambo ambalo siwalaumu nalo hata kidogo, lakini ujuzi wanaoupata wanautumia kwa mfumo wa mtu mwingine. Mkataba wa matunzo wa miaka mitano ungebadilisha hesabu hiyo, kwa kuwa kampuni inayojua mshahara wa mwakani unatoka wapi inaweza kutoa barua ya ajira leo.

Zipo hoja za kupinga ninazozisikia, na yenye uzito kuliko zote ni ya usalama. Tarehe 27 Juni 2017 programu haribifu iliyopewa jina la NotPetya ilisambaa kutoka Ukraine ikipitia masasisho ya M.E.Doc, programu ya uhasibu na kodi iliyotengenezwa na kampuni ya nchini humohumo. Washambuliaji waliingia kwanza kwa mtengenezaji, wakaweka sumu yao ndani ya sasisho halali, na wateja wakaipokea kwa mikono yao wenyewe. Kampuni ya meli ya Maersk peke yake ilikadiria hasara ya dola milioni 200 hadi 300. Kampuni ndogo ya nyumbani inaweza kabisa kuwa mlango wa adui, na mzalendo anayeacha seva yake bila ulinzi ni hatari sawa na mgeni. Kwa hiyo siwaombi mtuamini kwa sababu ya pasipoti zetu. Ninaomba mkataba wa matunzo uwe na masharti makali: upekuzi kwa kila anayegusa msimbo, ukaguzi wa kushtukiza wa ofisi na seva za kampuni, masasisho yote kupitia mikono ya wataalamu wa jeshi kabla ya kuingia vikosini, na nakala ya msimbo kukabidhiwa jeshini kila robo mwaka. Masharti hayo yana gharama, na gharama hiyo nayo ni ajira, kwa sababu mkaguzi wa usalama wa mifumo ni mtu anayelipwa.

Ila upekuzi usio na mwisho unaua kampuni kimyakimya. Kijana aliyeahidiwa kazi hawezi kusubiri jibu bila kujua kama litakuja baada ya mwezi au baada ya mwaka. Atachukua kazi nyingine, na aliye bora ndiye huondoka kwanza. Wekeni muda wa juu wa kutoa majibu, hata kama jibu ni hapana.

Hoja ya pili ni kwamba ni salama zaidi kununua kitu kilichokwisha kujaribiwa na majeshi makubwa. Kwa baadhi ya vitu nakubali. Hata hivyo, Machi 2025 Marekani ilisitisha kwa muda uwezo wa Ukraine kupata picha za setilaiti za kampuni ya Maxar kupitia mfumo wa serikali yake, wakati Ukraine ikiwa vitani na ikizitegemea picha hizo. Sihukumu uamuzi ule, kwani mwenye mali alikuwa na haki ya kuizuia, na hapo ndipo penye somo. Vilevile, Mei 2024 nyaya za baharini za SEACOM na EASSy zilipokatika, sote tuliona jinsi huduma zinazotegemea seva za ng'ambo zilivyoyumba kwa siku kadhaa. Mfumo wa ghala la kikosi kilichoko mpakani lazima ufanye kazi bila intaneti, uhifadhi kumbukumbu palepale, na uzilinganishe na makao makuu mawasiliano yanaporudi. Anayejua hitaji hilo bila kuambiwa ni mtu aliyeishi na umeme wetu na mtandao wetu.

Kuhusu siri, sheria yetu ina njia. Sheria ya Ununuzi wa Umma ya mwaka 2011 ilivitaka vyombo vya ulinzi na usalama kugawa manunuzi yao katika orodha ya wazi na orodha yenye zuio, na mantiki hiyo inatufaa hadi leo, chini ya sheria mpya ya mwaka 2023. Mfumo wa kumbukumbu za matengenezo ya magari, wa stoo ya sare na buti, wa mahudhurio ya wagonjwa katika hospitali za jeshi, wa mafao ya wastaafu, yote hiyo haina sababu ya kuwekwa kwenye zuio. Maghala ya risasi yabaki kwenye orodha yenye zuio, lakini hata huko kampuni za ndani zilizopekuliwa zialikwe kushindana zaidi ya moja, kwa kuwa kampuni moja isiyo na mshindani huzembea, iwe ya Mtanzania au ya mtu mwingine. Bunge liliidhinisha zaidi ya shilingi trilioni 3 kwa Wizara ya Ulinzi katika mwaka wa fedha 2024/25. Siombi sehemu kubwa ya fedha hizo. Naomba ile sehemu ambayo tayari inaenda kwenye mifumo iache mishahara hapa.

Kuna vikwazo vya zabuni ambavyo mnavifahamu, nami nitavipitia haraka. Sharti la hesabu zilizokaguliwa za miaka kadhaa na la uzoefu wa kazi inayofanana na hii huifungia nje kampuni yoyote changa, kwa sababu hakuna aliyewahi kufanya kazi inayofanana na hii kabla ya kupewa ya kwanza. Dhamana za benki huomba ardhi, na sisi mali yetu ni kompyuta na vichwa vya watu. Asilimia 30 ya manunuzi inayotengwa kwa makundi maalumu, vijana wakiwemo, kwa uzoefu wangu huonekana zaidi kwenye usafi na vifaa vya ofisi kuliko kwenye mifumo. Malipo yanayochelewa miezi mingi humlazimisha mwenye kampuni kukopa ili alipe mishahara, na riba hiyo humeza nafasi ya mtu mmoja. Na tozo ya kuendeleza ujuzi, inayoanza kumhusu mwajiri anapofikisha wafanyakazi kumi, inawafanya baadhi yetu wabaki tisa kwa makusudi. Sitaji majina, ila Tume ya TEHAMA ikipita ofisi za Kijitonyama na Sinza ikauliza kwa upole itashangaa ni kampuni ngapi zina watu tisa.

Ninaomba pia tuliangalie Jeshi la Kujenga Taifa kwa jicho hili. Mafunzo ya mujibu wa sheria yalisitishwa mwaka 1994 yakarejeshwa mwaka 2013, na kupitia hayo vijana wanaomaliza kidato cha sita wanapita kambini kabla ya chuo. Miongoni mwao wamo watakaosoma kompyuta. Mkiwatambua mapema, mkawaandika kwenye kumbukumbu zenu, upekuzi wa awali unaweza kuanzia hapo, na miaka minne baadaye kampuni inayotafuta mtu wa kutunza mfumo wa jeshi haitaanza na mtu asiyejulikana kabisa. Estonia, baada ya mashambulizi ya mtandaoni ya mwaka 2007, iliunda ndani ya shirika lake la ulinzi la watu wa kujitolea kikosi cha raia wenye ujuzi wa kompyuta wanaolinda mitandao ya nchi. Sisi tunalo Jeshi la Akiba. Wengi wetu mjini tunalifahamu zaidi kwa mgambo wanaowafukuza wamachinga, ambayo ni picha isiyolitendea haki. Mtunza kanzidata aliyepitia mgambo angekuwa na faida kwa kampuni yake na kwa kikosi chake kwa wakati mmoja.

Jambo la mwisho kabla ya maombi linahusu dhamiri za vijana wetu. Mwaka 2018 maelfu ya wafanyakazi wa Google walitia saini barua ya kupinga kampuni yao kuisaidia wizara ya ulinzi ya Marekani kuchambua picha za ndege zisizo na rubani, na kampuni ikaamua kutouendeleza mkataba huo ulipokwisha. Sekta hii ikikua hapa, swali hilo litafika hapa pia. Binafsi nisingependa kampuni yangu itengeneze mfumo wa kuchagua wa kupigwa, na nawajua vijana hodari wenye msimamo huo ambao wangefurahi kutunza mfumo wa ghala, wa hospitali au wa magari. Mkataba useme wazi kazi ni ya nini, na mfanyakazi aambiwe kabla hajasaini. Mtazipata akili nyingi zaidi kwa njia hiyo kuliko kwa kuficha.

Kwa msingi huo, tunaomba kwamba katika mpango wa manunuzi wa mwaka wa fedha unaoanza Julai, Wizara ya Ulinzi iweke kwenye NeST mfumo mmoja tu wa orodha ya wazi, wa kumbukumbu za matengenezo ya magari kwa mfano, ukiwa na mkataba wa matunzo wa miaka mitano uliotenganishwa na mkataba wa ujenzi, wenye malipo ya kila robo mwaka. Ajira zihesabiwe kwa michango ya NSSF: nafasi iliyochangiwa mfululizo kwa miezi 24 ihesabike, ya mtu aliyejitolea au aliyeletwa kwa ajili ya picha isihesabike, na kampuni itakayoshindwa kufikia idadi iliyoahidi ipunguziwe malipo kwa kiwango kilichoandikwa. Tume ya TEHAMA ichapishe hesabu hiyo kila mwaka, na jina la kampuni likiwemo. Pale ambapo mfumo lazima ununuliwe nje, muuzaji atakiwe kukabidhi msimbo kwa jeshi na kufundisha timu ya hapa, na kipande cha mwisho cha malipo yake kizuiwe mpaka timu hiyo imerekebisha kasoro ya kweli, mbele ya wakaguzi wenu, bila msaada wake.

Iwapo kuna sababu ya kisheria au ya kiusalama inayozuia lolote kati ya haya, tunaomba ielezwe kwa kiasi kinachoruhusiwa, ili tujue turekebishe nini upande wetu. Ofisi nyingi za hapa Kijitonyama ziko tayari kukaguliwa hata kabla ya zabuni yoyote kutangazwa.

Wenu mtiifu,
Mtengenezaji wa mifumo,
Kijitonyama, Dar es Salaam